Hotuba ya Naibu Meya Siku ya Kuezeka Nyumba za Vrbovik

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya uliyetuma udhuru, mheshimiwa mwakilishi wa Mkuu wa Wilaya ambaye bado uko njiani, Baba Kasisi Gavrilo, Mwenyekiti wa Kamati ya Kuratibu Kamati, viongozi wa Chama cha Wawindaji, zimamoto wa kujitolea, wapiga tarumbeta, na ninyi wananchi wapendwa ambao mto uliwatoa majumbani na serikali ikawapokea kwa mikono miwili: itifaki imezingatiwa.

(Tukapiga makofi. Si kwa furaha, ni baridi. Huyo ni Ljubodrag Petkanić, naibu meya, amesimama juu ya tela la trekta, tumbo mbele. Sisi ndio tunaolala kwenye ukumbi wa michezo wa shule tangu mafuriko, chini ya nyavu za mpira wa kikapu. Mimi Jevrosima nilikuja na Dušica, mke wa mwanangu, mja mzito, na nimeapa mjukuu wangu hatazaliwa humo ukumbini. Tuliitwa kuona nyumba zetu zikiezekwa.)

Ndugu zangu, nilipokabidhiwa dhamana hii, foleni ya waombaji wa nyumba za umma ilikuwa ndefu kiasi cha kuchafua taswira ya mji, nami bila kulala, ingawa mke wangu anadai nililala kidogo, nikaunda kikosi kazi, kikosi kazi kikaunda jopo, jopo likaenda ziara ya mafunzo Venisi kujionea watu wanavyoishi na maji, na kwa mujibu wa takwimu zilizohakikiwa na mimi mwenyewe, foleni leo imepungua kwa asilimia arobaini na moja.

("Imepunguaje na hakuna aliyepewa hata mlango?" akauliza Miladin, mwoka mikate.)

Swali zuri, na lina majibu ya kitaalamu. Waliohamia Viena kutafuta kazi wametoka kwenye foleni, na huo ni ushindi wa sera zetu. Wanaolala kwa shangazi zao tumewaweka kundi la makazi ya kindugu. Wanaolala kwenye mabehewa mabovu pale stesheni, hao kimfumo ni wasafiri. Na Bibi Stana Kojić amefungiwa faili, kwa kuwa amepata makazi ya kudumu.

(Stana tulimzika kabla ya Pasaka. Nikamwambia, "Ljubodrag, mimi nilikufuta kamasi ukiwa mtoto. Usinichezee na marehemu." Akanywa maji.)

Namshukuru bibi kwa mchango wake. Sasa, kuhusu ukosefu wa makazi, natamka bila woga kwamba leo saa kumi jioni ukumbi wa michezo unafungwa, kwa sababu mwenye nyumba hawezi tena kuhesabiwa kuwa hana pa kulala, nanyi nyumba mnazo, vyumba viwili kila familia, jiko la kuni, na roshani ya kuanikia pilipili.

(Dušica akanishika mkono. "Mama, ziko upande gani?" Nikatazama. Mbele yetu shamba la alizeti lililokwisha kuvunwa, na nyuma ya shamba, shamba. Na sisi wanawake tumebeba mashati na taulo, maana kwetu paa likisimama fundi hupewa zawadi, na aliyepokea shati haachi kazi mpaka kigae cha mwisho kikae. Nikapaza sauti: "Mashati tumpe nani? Fundi simwoni.")

Fundi wa maendeleo haya, kama unyenyekevu wangu utaniruhusu kusema, ni mimi. Nipeni mimi.

(Miladin akacheka mpaka akakohoa. Tukapanda ngazi mmoja mmoja, tukamvika shati juu ya shati, taulo shingoni, taulo begani, akawa kama kamba ya kuanikia nguo. Baba Kasisi akamnyunyizia maji ya baraka: "Mungu akutie nguvu, fundi." Naye anachekelea kama bwana harusi.)

Nimeguswa. Vrbovik, nyumba kwa kila mtu! (Wakaitikia wawindaji peke yao.) Kila kichwa na paa lake! (Hata wao wakatazama viatu.) Namalizia kwa shukrani. Namshukuru mchoraji aliyezichora nyumba hizi kwa rangi za kupendeza. Kampuni ya ujenzi, itakayoanzishwa mara shemeji yangu akirudi kutoka likizo. Wizara, ambayo barua yetu ya kuomba fedha itaipata tukishaiandika. Na Mzee Tihomir, aliyetuazima tela pamoja na shamba lake hili, ambalo hajaliuza na amesema haliuzi. Asanteni sana. Sasa naomba ngazi nishuke.

(Ngazi ilikuwa begani kwa Miladin, naye alikuwa anaondoka. Mzee Tihomir alishalifungua trekta kutoka kwenye tela akaenda nalo zake, kasema tela halina haraka. "Tulia hapo hapo, mwanangu," nikamwambia. "Shati umelipokea mbele ya kasisi. Dušica anajifungua mwezi ujao. Mbao zitaletwa, nyundo tutakurushia, na supu nitakuletea mimi mwenyewe.")