Jinsi Ermete Bagnoli Alivyoikopesha Italia

Sogeeni, enyi mliokwisha kunywa kahawa na nyinyi ambao yenu ingali motoni, niwasimulie vita alivyopigana Ermete mwana wa Adelmo, Simba wa mji wa Suzzara, mlinzi wa kivuko cha reli kwa miaka thelathini na minane, ambaye siku moja ya Novemba alisimama peke yake kati ya Italia na ufukara. Ewe kalamu, usiteleze. Nawe wino, usikauke, maana habari ni nzito na karatasi ni nyembamba.

Adui wa zama hizo aliitwa Pengo. Lilikuwa pengo kati ya riba anayotozwa Mjerumani akikopa na riba anayotozwa Mwitaliano. Na kila wenye fedha wa dunia walipoingiwa na hofu kwamba Italia haitalipa, Pengo lilipanuka, na runinga ya baa ya Dirce ikalionyesha kwa tarakimu nyekundu juu ya chupa za grapa. Serikali ilikuwa imekwisha anguka. Wazee waliacha kuulizana habari za magoti, wakaulizana habari za Pengo.

Ndipo likatoka tangazo kwamba Jumatatu ile mabenki hayatamtoza ada raia atakayenunua hati za deni la taifa, kuanzia yuro elfu moja. Ermete alikuwa nazo. Lakini zilikuwa na mwenyewe: zilikuwa za mashine ya kufulia ya mkewe Norina, kwani ile ya zamani ilikufa siku ya Watakatifu Wote, na Norina, mwenye baridi yabisi ya vidole, alikuwa akifua kwa mkono.

"Treni haikupata kugonga mtu katika zamu yangu!" Ermete aliitangazia baa, koti limefungwa hadi kidevuni. "Na leo sitaiacha Italia igongwe nikiwa nimekaa!"

"Deni linakaribia trilioni mbili, mzee," akasema Oreste kinyozi, macho kwenye karata. "Unakwenda kuzima moto wa msitu kwa mate."

"Heri mate kuliko domo tupu."

"Na Norina anajua?"

Shujaa alikuwa amekwisha fika mlangoni. Mashujaa wana haraka.

Akaupasua ukungu wa uwanjani, akaufikia mlango wa benki, ule wa kioo unaommeza mtu mmoja mmoja na kumnusa kama ana chuma, nao ukamtema mara tatu: kwanza kwa ajili ya funguo, kisha kwa ajili ya kisu cha uyoga, mwisho kwa ajili ya nishani ya reli aliyoivaa makusudi. Akaviacha vyote sandukuni, akaingia vitani mikono mitupu.

"Hizi ni za miaka kumi, babu," akasema Samanta wa dirishani kwa upole. "Utakuwa na themanini na sita."

"Andika, binti yangu, kabla Pengo halijasikia."

Saa tano akatia sahihi. Saa tano na robo, Benki Kuu ya Ulaya kule Frankfurt ikadokeza kwamba itayakopesha mabenki bila kikomo. Wenye fedha wakashusha pumzi, na Pengo likanywea pointi thelathini.

"Ametia sahihi tu, likashuka!" akapiga kelele Dirce, Ermete aliporudi baa. "Nani mwingine katoa elfu leo? Wewe, Oreste?"

Oreste akamnunulia Ermete mvinyo wa lambrusko, jambo ambalo halikutokea tangu Italia ichukue Kombe la Dunia. Ermete alijua. Treni haisimami kwa sababu umepunga bendera. Inasimama kwa sababu dereva amekanyaga breki. Hata hivyo alikuwa ameipunga, na alifurahi mno. Akanywa, akaenda nyumbani.

Norina alikuwa ameinamia beseni.

"Nimeiokoa Italia, Norina."

"Dirce kanipigia. Kwa mashine yangu."

"Inatoa riba asilimia saba!"

"Riba inafua?" Akageuka. Vidole vyake vilikuwa vyekundu, vimevimba, na Ermete akaona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Norina akamtupia ncha ya shuka. "Kamua. Miaka mingapi ulisema?"

"Kumi."

"Basi kila Jumatatu, bwana mkopeshaji, hadi Italia inilipe."

Na iandikwe katika historia ya Suzzara kwamba siku hiyo Ermete mwana wa Adelmo, katika mwaka wa hamsini wa ndoa yake, alikamua shuka kwa mara ya kwanza, akalikamua hadi tone la mwisho. Keshoye Pengo lilipanda tena. Foronya zilikuwa zikimngoja.