Barua Nzuri za Watu Wengine

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimefukuzwa kazi. Barua iliyonifukuza nimeiandika mwenyewe, nikaisahihisha mara mbili, nikahakikisha hakuna nukta iliyokosea. Hongera kwangu.

Ilikuwa hivi. Alhamisi iliyopita kijana mmoja mrefu anayeitwa Vincent aliingia steshenari kwa Mzee Maftah, hapa Bomani, ninapochapa barua za watu. Nilipokuwa nachapa. Akasema anatafuta kazi, yoyote ile, nimwandikie barua ya maombi. Nikamuuliza anajua kufanya nini. Akasema, mura, kijana mwenzangu, wewe andika tu.

Basi nikaandika tu. Mchapakazi. Mwaminifu. Anajua kompyuta, Kiswahili na Kiingereza, kuandika na kuongea. Ana lugha nzuri kwa wateja. Hiyo ya mwisho mimi sina. Mteja akiingia mimi natazama kibodi. Miezi saba nimekuwa nauliza "nakala ngapi" kwa kuonyesha vidole.

Nakala moja ikabaki kwenye printa. Mzee Maftah akaisoma. Leo asubuhi akaniita, akasema kijana anayejieleza namna hii hajawahi kumwona Tarime nzima. Akasema pia kwamba kwa kuwa amefunga hawezi kunigombeza, kwa hiyo ananiaga kwa upole. Nilitaka kumwambia kuwa anayejieleza ni mimi. Nikasema, "Sawa, Mzee."

Vincent anaanza kesho. Kwenye kiti changu. Chenye mto nilioutoa nyumbani.

Dada Gati, ninayeishi kwake, alipopata habari hakupoteza muda. Alichukua simu akampigia Mjomba Nyangwine, kijijini Nyambureti. Hukumu imetoka. Mjomba anakuja Tarime Jumapili kwenye kikao cha harusi. Akinikuta na kazi, nabaki mjini. Akinikuta sina, narudi naye kuchunga. Ana ng'ombe arobaini na mchungaji mmoja, Simioni, ambaye kila wiki anatishia kuacha.

Nina siku sita. Nilisoma shule ya Kiingereza mpaka darasa la tano, karo ikamshinda baba, nikamalizia ya Kiswahili. Lugha mbili. Ng'ombe hawaulizi hata moja.

Jumanne, 4 Machi

Fani mpya: ualimu wa tuisheni. Nimeandika bango, nikaligongelea kwenye geti: KIINGEREZA KWA SIKU TATU, MWALIMU MZOEFU. Sikuweka namba ya simu, watu wasije wakanipigia.

Walikuja wanafunzi watatu. Wakubwa wawili wanaouza mitumba, na Ummy, mtoto wa jirani, ana miaka saba, anasoma shule ya basi la njano. Nilifundisha kwa kuandika ubaoni na kuwapa mgongo. Njia mpya kabisa ya ufundishaji. Dakika ya kumi Ummy akasema kwa sauti kwamba mwalimu amekosea. Nikatazama. Nilikuwa nimekosea. Akaomba chaki.

Saa moja baadaye wale wauza mitumba walikuwa wanaimba siku za wiki pamoja naye. Mimi nimekaa nyuma. Mwishoni aliniuliza kama nimemaliza zoezi langu.

Bango nimeling'oa.

Jumatano, 5 Machi

Nimepita mbele ya steshenari mara nne kwa bahati mbaya. Vincent anacheka na wateja. Wateja wanacheka naye. Mama mmoja aliyekuja kutoa kopi moja ya kitambulisho amekaa nusu saa. Mto wangu ameukalia upande usio sahihi.

Lakini mara ya nne niliona kitu. Mteja alimpa barua ya kuchapa, naye alikuwa anatafuta herufi moja moja kwa kidole kimoja, kama mtu anayechambua mchele. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Halafu nikafurahi tena.

Dada amesema zimebaki siku nne na kuchungulia madirishani si fani.

Alhamisi, 6 Machi

Fani mpya: udalali wa ng'ombe!

Wazo lilianza jana jioni. Mwenye nyumba wetu, Mama Rhobi, anauza dume lake la kulimia, linaitwa Diwani kwa sababu linakula na halionekani shambani. Msimu wa kulima ndio huu, wanunuzi wapo. Anahitaji mtu wa kulinadi. Nikanyoosha mkono. Dada alicheka hadi akakaa chini. Dalali wa mnadani lazima apige kelele, azunguke, ashike watu mikono, aape. Mimi kumwambia konda "shusha" kunanishinda, huwa napitilizwa.

Ndiyo maana nimetumia akili. Nilimwandikia Diwani CV.

Jina: Diwani. Umri: miaka mitano. Hali ya ndoa: hajaoa. Uzoefu: misimu mitatu ya jembe. Sifa binafsi: anajituma, anafanya kazi bila kusimamiwa, anaweza kufanya kazi na watu wa aina zote na anashirikiana vizuri na wenzake. Mdhamini: Mama Rhobi. Nikaitoboa tundu, nikaifunga kamba, nikamvika shingoni kama kitambulisho cha semina. Kisha, tulipofika mnadani, nikasimama nyuma ya lori.

Walijaa. Madalali wazima waliacha ng'ombe wao wakaja kusoma. Kuna aliyesoma kwa sauti, wengine wakaitikia. Bwana mmoja kutoka Kenya, upande wa pili wa mpaka wa Sirari, alisoma mpaka mwisho, akauliza kama anaruhusiwa kubaki na hiyo karatasi. Akanunua bila kubishana.

Mama Rhobi ameniombea baraka mbele ya watu. Nilitazama viatu vyangu, lakini vilikuwa viatu vya dalali. Kesho namwambia Dada ampigie Mjomba, aandae maneno ya kuniomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi

Diwani amerudi.

Saa tatu asubuhi yule bwana alisimama getini, Diwani kwenye kamba, CV mkononi. Suruali imechanika kwenye goti. Alimsalimia Mama Rhobi vizuri, kisha akauliza mwandishi ni nani. Mama Rhobi alininyooshea kidole kabla hajamaliza kuuliza.

Alinisomea mstari kwa mstari, kama hakimu. Kwamba anajituma: Diwani alilala kwenye mtaro wa kwanza. Kwamba hahitaji kusimamiwa: aliingia mahindini kwa jirani. Kisha akafika kwenye ushirikiano.

"Kijana, wewe umeandika anashirikiana na wenzake. Nimemfunga na mwenzake. Mwenzake sasa hivi anachechemea. Huyu hawezi fanya kazi na mtu, hata na ng'ombe."

Nilitaka kumweleza kwamba hivyo ndivyo CV zote zinavyoandikwa na hakuna mtu anayezirudisha. Nikasema, "Samahani, Mzee." Akasema hajafika umri wa uzee. Hata samahani nimekosea.

Mama Rhobi akamrudishia pesa yake. Baraka zangu nazo akazichukua. Wakiwa bado wanaongea, Diwani alivuta shingo akaila CV yote, na kamba. Ushahidi umekwisha, lakini habari zimeshafika mnadani. Nimetumiwa ujumbe nisionekane huko.

Siku mbili.

Ijumaa hiyohiyo, jioni

Siamini. Vincent amekuja. Hapa nyumbani.

Alisimama mlangoni mnyonge, mkubwa vile, akaomba tuongee nje. Akasema kazi inamshinda. Wateja wanampenda, ila wote wanataka barua, na Mzee Maftah kila saa anamwambia aandike kama ile ya kwake. Ile ya kwake ni yangu. Ameishiwa visingizio. Jana alisema printa inaumwa.

Sasa kuna kambi ya watalii upande wa Mugumu inatafuta mtu wa mapokezi. Wa kucheka na wageni. Usaili kesho. Anaomba nimwandikie barua.

Nilijikuna kidevu kama mtu anayefikiri. Nilikuwa nashangilia. Nikimwandikia barua mbaya, atabaki kwenye kiti changu. Nikimwandikia nzuri, ataondoka, na kiti kitakuwa wazi! Kwa mara ya kwanza barua ya mtu mwingine itanifaa mimi.

Nimemwandikia kurasa mbili. Kiingereza cha shule ya karo. Alipoisoma machozi yalimlengalenga, akaniuliza huyo mtu ni nani. Nikamwambia ni wewe, mura. Akasema atamuaga Mzee kwamba anaumwa jino.

Jumamosi, 8 Machi

Saa nane mchana ujumbe wa Vincent: wamemchukua. Anaanza leoleo. Mto ameuacha kitini.

Saa kumi nikavaa shati la kanisani, nikaenda steshenari. Maneno nilikuwa nimeyakariri tangu asubuhi: Mzee, naomba nirudi. Matatu tu. Nikapanga foleni nyuma ya watu wanne. Nikaruhusu wengine wawili wapite mbele, kwa heshima. Hatimaye tukabaki wawili, Mzee Maftah na mimi, na rundo la barua za watu ambazo hazijachapwa, refu hadi kwenye stepla.

Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akasubiri. Nikatoa cheti changu cha kuzaliwa, nikaomba kopi.

"Ngapi?"

Nikaonyesha vidole. Kumi.

Akatoa kopi polepole, moja moja, akiniangalia juu ya miwani. Akasema Vincent ameondoka. Nikasema pole. Akasema kwamba alipopekua kompyuta ameona barua za miezi saba, zote nzuri, na ile ya Vincent inafanana nazo sana. Nikasema inawezekana. Akanipa kopi zangu.

"Kuna jingine, Ezekiel?"

Maneno matatu. Nilifungua mdomo.

"Hapana, Mzee. Asante."

Akashusha pumzi. Akasema basi anatafuta kijana, na kwa kuwa yuko anayeona haya kusema, sharti ni barua tu. Amletee barua. Hata fupi.

Nikamwambia nitawaambia watu.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu kuandika ya kwangu tangu alfajiri. Nimepata hii: "Mzee Maftah, mimi ni Ezekiel. Nilikuwa hapo kwako. Samahani." Nimeisoma mara kumi. Hata mimi nisingemwajiri.

Nikijaribu kuandika "mchapakazi" naona kama kuna mtu ananichungulia begani na kucheka. Wengine huwa wanalipata wapi? Kumbe wananiambia mimi niandike. Mimi nimwambie nani?

Mjomba aliingia saa saba. Shikamoo, marahaba, umepata kazi? Dada akanitazama. Nikasema niko kwenye hatua za mwisho za mchakato. Mjomba akasema vizuri, mchakato utatufuata nyuma na basi la pili. Begi langu Dada alikuwa ameshalifunga. Tulipotoka getini Diwani alinitazama kama mfanyakazi mwenzake.

Ile barua ya maneno tisa iko mfukoni, pamoja na kopi tisa za cheti cha kuzaliwa. Moja niliisahau steshenari.

Jumatano, 12 Machi. Nyambureti

Ng'ombe arobaini. Nimepoteza wawili, wakarudi wenyewe. Kupiga mluzi naona aibu.

Simioni anaongea tangu asubuhi mpaka jioni. Na mimi, na ng'ombe, na watu walio ng'ambo ya korongo. Mchana tulipokaa kivulini akaniuliza kama ni kweli nilimwandikia ng'ombe barua ya kazi. Habari imefika hadi huku. Akasema miaka sita anatamani kuishi mjini, sehemu yenye dari na watu wa kuongea nao. Kama kuna mtu angemwombea kazi.

Nikamwambia kuna nafasi moja Bomani naifahamu.

Sijui kwa nini nilisema. Nadhani nilitaka tu kuona kama mkono bado unafanya kazi. Unafanya! Niliandika palepale, daftari juu ya goti: "Ana uzoefu wa miaka sita wa kusimamia wateja arobaini kwa wakati mmoja, bila kupoteza hata mmoja. Amezoea mazingira magumu na foleni ndefu. Hana aibu." Nilipomsomea, alisimama akawasomea ng'ombe.

Kesho anapanda basi. Mjomba hajui bado. Barua ya kumuaga Mjomba pia nimemwandikia. Inagusa sana.

Jumatatu, 17 Machi. Nyambureti

Dada Gati amepiga simu. Kwanza alinitukana kwa Kikurya kwa muda mrefu, na kwa ufasaha. Kisha habari. Mzee Maftah amemchukua Simioni, wa mbele dukani, wa kupokea wateja na kuwachekesha. Ila kuchapa hajui na hataki kujua. Mzee alisoma ile barua, akamuuliza mwandishi yuko wapi. Simioni akamjibu yuko machungani, ila msimpigie, atakata.

Basi kile kiti cha nyuma chenye mto bado kiko wazi. Mzee amesema ninasubiriwa mpaka kesho, basi la asubuhi. Nisiongee chochote. Nilete barua tu. Mstari mmoja, na jina langu chini.

Mstari mmoja! Nimeandika mistari ya watu wote wa Tarime. Jioni nilikaa na karatasi mbili za mwisho za daftari na kalamu mpya. "Mzee Maftah, mimi ni..." Nikafikiri. Nikachora ng'ombe pembeni. Nikafikiri tena.

Hapo ndipo Jackson, kijana wa jirani, akapiga hodi. Amesikia Simioni amepata kazi kwa barua. Naye anaomba moja. Akauliza kama huko Bomani bado kuna nafasi. Nikamwambia ipo moja, lakini wanataka mtu anayejua kuandika. Akasema, mura, wewe andika tu.

Nimemwandikia kwamba anajua. Karatasi mbili kamili, mbele na nyuma. Kusema kweli ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika. Basi lake ni saa kumi na mbili asubuhi.

Ya kwangu nitaiandika kesho. Karatasi zimeisha.