Nyonga ya Chuma na Mkalimani Wake

Jumatatu, 2 Juni 1975. Suneka.

Nimerudi nyumbani kutoka Nairobi na nyonga mpya. Ya zamani imebaki huko, sijui wameitupa wapi. Hii ni ya chuma, na kikombe chake ni cha plastiki. Daktari Mzungu alinionyesha mfano wake kabla ya kunipasua. Inang'aa kuliko sufuria yoyote ya mke wangu Persis. Sidhani kuna mtu mwingine Gusii nzima mwenye kitu kama hiki. Nilimweleza hivyo dereva aliyenileta, kutoka Kericho hadi Keroka.

Persis alinipokea kwa machozi, kisha akauliza habari za karatasi. Hospitali imenipa karatasi ya masharti kumi na mawili, imepigwa taipu kwa Kiingereza. Persis husoma Agano Jipya la Ekegusii, lugha yetu, na kitabu cha nyimbo, basi. Kiingereza hajui, na Kiswahili chake ni cha kuuzia ndizi. Ndiyo sababu shajara hii naiandika kwa Kiswahili.

Akaniomba nimsomee. Nani angefaa zaidi? Miaka ishirini na sita nilikuwa mkalimani mahakamani. Hakimu akisema, mimi nasema. Mshtakiwa akisema, mimi nasema. Nimestaafu na cheti.

Nikasoma la kwanza kama lilivyo: mgonjwa atumie magongo mawili kwa wiki sita. La pili: alale chali. La tatu lilikuwa refu, mambo ya viti vifupi na kukunja miguu. Lilinichosha kulitazama tu. Nikasikia kinywa changu kikisema mgonjwa ale kuku kila Jumanne, Alhamisi na Jumapili.

Persis akaitikia kwa kichwa. Akasema Wazungu ni watu wa mpango.

Jumatano, 4 Juni.

Kuku wa jana alikuwa mtamu. Persis alikuwa akimlea kwa ajili ya kumpelekea binti yetu Bitutu, ambaye amejifungua. Lakini sharti ni sharti.

Nimemaliza kutafsiri yaliyobaki. La tano linasema mgonjwa atembee mara nne kwa siku, akiongeza hatua kila siku. Nimelitoa hivi: apumzike mara nne kwa siku, akiongeza muda kila siku. Maana haikupotea sana.

La tisa nimeliunda mwenyewe, na najivunia. Mgonjwa asipaze sauti, kwa kuwa sauti hutikisa mfupa. Kwa hiyo nimepewa kengele ya ng'ombe. Nikiipiga mara moja, uji. Mara mbili, mto wa mgongoni. Mara tatu, nimechoka kukaa peke yangu.

La nane lilihitaji haraka. Leo asubuhi alikuja shemeji yangu Mokeira, mdogo wake Persis, kutoka Nyamira, na kapu la parachichi na nia ya kukaa wiki nzima. Mokeira husema tangu anapovua viatu hadi anapovivaa. Basi: mgonjwa atembelewe na mtu mmoja mmoja, kwa robo saa tu, na asiambiwe jambo la kumshtua. Persis alimketisha dada yake sebuleni, akaiweka saa mezani. Robo saa ilipotimia akamsindikiza hadi barabarani. Mokeira alikuwa hajamaliza hata habari za safari.

Baadaye nilimwona Persis akijipangusa macho kwa kanga. Nilimweleza kwamba sheria haina dada.

Jumamosi, 7 Juni. Sabato.

Persis amerudi kanisani akiwa na furaha. Kina mama walimwuliza hali yangu, naye akawasomea masharti yote kumi na mawili kwa moyo. Sikujua ana kumbukumbu ya namna hiyo. Sasa kanisa zima linayajua, pamoja na kuku.

Jambo moja halikunipendeza. Anasema Mwalimu Walter Onsongo alisikiliza kwa makini sana, kisha akauliza kama angeweza kuiona hiyo karatasi, kwa kupenda kujua tu.

Onsongo ni jirani yetu, mwalimu mkuu mstaafu. Mwaka wa hamsini na tisa alipelekwa Uingereza miezi tisa, na tangu hapo hatembei bila mwavuli, hata kiangazi. Kiingereza hukitolea puani. Nimemwambia Persis kwamba karatasi ni siri ya daktari na mgonjwa, na anayeionyesha hovyo hushtakiwa. Ameificha chini ya godoro, upande wake.

Najua Onsongo anatafuta nini. Shule yetu ya sekondari ya harambee inahitaji mwenyekiti wa kamati. Mkutano ni Jumapili ijayo, tarehe kumi na tano. Watu wenye akili wamenitaja mimi. Watu wenye mwavuli wamemtaja Onsongo. Mzee Mogire, anayeheshimiwa na pande zote, ameniahidi kwamba wazee watakuja kuniomba rasmi. Nitakataa mara mbili, kama ilivyo adabu, kisha nitakubali.

Jumatatu, 9 Juni.

Wamekuja. Wameondoka.

Nilikuwa kitandani, katika mapumziko ya tatu. Nikasikia sauti ya Mzee Mogire langoni, na wazee watatu nyuma yake. Nikaketi. Nikachana nywele. Dirisha lilikuwa wazi, kwa hiyo nilisikia kila neno.

"Karibuni sana," Persis alisema, "lakini karatasi ya daktari inaruhusu mtu mmoja."

Mogire akasema wao ni ujumbe, na ujumbe hauwezi kuwa mtu mmoja.

"Basi chagueni mmoja wenu. Robo saa. Na asimwambie jambo la kumshtua."

"Tumekuja kumwomba awe mwenyekiti wa shule, mama."

Persis akauliza, "Hilo si litamshtua?"

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema kweli, linaweza. Mwingine akasema mjomba wake alifariki kwa kuteuliwa.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini nilikuwa nimemwambia huyu mwanamke kwamba sauti hutikisa mfupa, na angekuja mbio kunifunga kinywa. Nikapiga kengele. Mara moja, kwa nguvu zote.

"Mnasikia?" Persis akawaambia. "Anataka uji."

Akaja na uji. Nikamwonyesha lango kwa kidole. Akalifunga dirisha. Nikamnong'oneza awaite. Akasema nisijitaabishe, amekwisha kuwaeleza vizuri, wamenielewa na wananiombea. Nilipofungua dirisha tena, niliwaona wote wanne wakiingia kwa Onsongo.

Uji ulikuwa na maziwa mengi. Niliunywa.

Jumanne, 10 Juni.

Leo nimejaribu rufaa. Nilimwambia Persis kwamba nimekumbuka kitu: upande wa nyuma wa karatasi kuna nyongeza, inayoruhusu wazee wa heshima, wakiwa wanne au pungufu.

Akaitoa chini ya godoro, akaigeuza. Akaitazama kwa muda.

"Huku hakuna kitu, Baba Bitutu."

Nikasema herufi ni ndogo sana. Akaenda kuleta miwani yangu, akaivaa yeye. Akaipeleka karatasi dirishani. Akanitazama juu ya miwani, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilielewa jinsi washtakiwa walivyokuwa wakijisikia. Nikasema pengine ilikuwa karatasi ya mgonjwa mwingine.

Kuku wa leo alikuja bila mchuzi.

Jumatatu, 16 Juni. Hospitalini, Kisii.

Naandika nikiwa chali. Mguu umefungwa kamba, na kamba imefungwa mawe ya mizani. Nitaeleza kwa utaratibu, kama ushahidi.

Jana Persis alikwenda kwa Bitutu kumwona mtoto. Mara tu alipopotea kwenye kona, nilivaa koti langu la mahakamani na tai, nikachukua magongo, nikashika njia ya shule. Ni mwendo wa dakika kumi. Nilitumia saa nzima. Wiki mbili za kupumzika mara nne kwa siku zilikuwa zimenimaliza miguu, ikawa kama mabua. Nilisimama katika kila mti. Bibi mmoja mwenye mzigo wa kuni alinipita, akanipa pole, akarudi akinipita tena bila kuni.

Lakini nilipoingia darasani mkutano wote ulisimama. Hilo hawawezi kuninyang'anya. Mzee Mogire akaomba kiti cha heshima kiletwe. Kililetwa kiti cha ofisini kwa mwalimu mkuu, cha mito, kirefu kwa kwenda nyuma na kifupi kwa kwenda juu. Nikaketi. Nikazama. Magoti yalinifikia karibu na kidevu. Onsongo alikuwa mbele, mwavuli mkononi, akieleza mpango wa maktaba. Nikaona inafaa kumtazama kama mwenyekiti anavyomtazama mtu wa kawaida. Nikakunja mguu mmoja juu ya mwingine.

Kop.

Darasa zima lilisikia. Maumivu yale sina neno lake katika lugha zangu tatu. Nililia, niseme ukweli, kwa Ekegusii, nikimwita mama yangu, ambaye hayupo tangu mwaka wa arobaini na nne.

Onsongo ndiye aliyefika kwanza. Alinishika kichwa, akawakataza watu kuuvuta mguu. Machela haikuwapo, kwa hiyo waliushusha ubao, wakanilaza juu yake. Nilibebwa mbele ya watu nikiwa nimelalia maneno AJENDA 1: UCHAGUZI, na chaki bado iko kwenye koti. Onsongo akanipakia nyuma ya pikapu yake, akapita kwa Bitutu kumchukua Persis. Persis alipanda akiwa hajajifunga hata kitambaa. Karatasi ilikuwa kifuani pake. Kumbe siku hizi anatembea nayo.

Hospitalini, daktari akiwa ndani ananiandalia dawa ya usingizi, Persis alimpa Onsongo ile karatasi. Alimwambia asome yote, taratibu.

Onsongo alisoma kwa Ekegusii, kama anayesomea darasa la pili. Asikalie kiti kifupi. Asikunje mguu juu ya mwingine. Aweke mto katikati ya magoti. Atembee mara nne kwa siku. Alipofika la kumi na mbili, Persis akauliza, "Na kuku?"

Onsongo akatafuta juu. Akatafuta chini. "Hakuna kuku, mama."

"Na wageni?"

"Inasema wageni humtia mgonjwa moyo."

Nilifumba macho. Niliona vyema nipate usingizi bila kungoja dawa.

Jumatano, 18 Juni.

Nyonga imerudi mahali pake. Daktari, Mhindi mwenye sauti ya chini, anasema nina bahati. Ikichomoka tena, nitapasuliwa upya.

Onsongo amechaguliwa bila kupingwa. Amekuja mwenyewe kuniambia. Hakucheka. Alileta machungwa, akauliza kama ningependa aniwekee mto katikati ya magoti. Mtu mbaya angecheka, na mimi ningejua la kufanya.

Persis alikuja jana. Aliketi, akatoa chakula, akangoja nimalize. Nilikuwa nimetayarisha utetezi: kwamba Kiingereza cha madaktari kina utata. Hakunipa nafasi.

"Nilimfukuza dada yangu," alisema. "Alikuja na parachichi kutoka Nyamira, nikamwekea saa."

Nikasema tutamwita tena.

"Si hilo tu ninalofikiria, Baba Bitutu. Miaka ishirini na sita watu walifungwa na kuachiliwa kwa maneno ya kinywa chako. Usiku wa kuamkia leo nimeanza kuwaombea."

Akakusanya vyombo. Mlangoni akageuka, nikadhani amelainika. Akasema hatakuja hadi Jumapili, lakini nisihofu upweke, amenipangia mgeni.

Mgeni amekuja leo. Ni Mokeira. Aliingia kengele ya wageni ilipolia saa nane, na ametoka ilipolia tena saa kumi na moja. Nimefungwa kwa mawe. Sasa najua safari yake yote ya tarehe nne, kituo kwa kituo, na parachichi zilivyochumwa.

Jumapili, 22 Juni.

Nimetafakari sana wiki hii. Mtu akiwa chali hana kazi nyingine. Nimeona kosa lilikuwa wapi: niliacha maandishi mikononi mwa Persis. Tafsiri njema haifai kuwa na karatasi.

Wodi yetu ina dirisha moja, na kando yake amelala Mzee Omwenga, mkulima wa chai, aliyevunjika paja. Kutoka pale mtu huona barabara yote, wanaoingia na wanaotoka. Kwangu ni ukuta. Mzee hajui Kiswahili wala Kiingereza. Asubuhi daktari alipopita, muuguzi wetu Mgusii alikuwa ameitwa wodi ya watoto, na aliyebaki ni mtu wa pwani. Daktari akauliza kama kuna anayeweza kukalimani. Niliinua mkono.

Akaniomba nimwulize Mzee anaendeleaje. Nikamwuliza. Mzee akasema paja linauma kidogo, lakini anashukuru kwa dirisha, kwa kuwa akiona vilima anasahau maumivu.

Nikamweleza daktari kwamba paja linauma kidogo, na kwamba Mzee anaomba kwa unyenyekevu aondolewe dirishani, kwa sababu ya upepo.

Wahudumu walivisukuma vitanda kabla ya chakula cha mchana. Mzee alionekana kushangaa, nikamwambia ni amri ya daktari. Akamshukuru daktari. Nikamtafsiria daktari shukrani hizo, neno kwa neno.

Vilima ni vizuri kweli kutoka hapa. Persis amekuja saa nane, akaona nilipohamishiwa, akasema labda wameanza kuniheshimu. Nikasema labda.

Daktari anapita tena kesho saa tatu. Mzee Omwenga ana redio.