Nilivyokwenda Kumpimia Mkwe Boti Kilifi

Leo sina pa kuuweka uso wangu. Nimejifungia chumbani, shati liko kwenye beseni limelowekwa, na sebuleni mke wangu na mamake wanacheka mpaka wanashikana mabega. Naandika mwenyewe kabla habari hazijawafikia kwa njia nyingine, maana pale Kilifi palikuwa na watu, na watu walikuwa na simu.

Kwa wasiomjua mkwe wangu, anaitwa Bi Zuhura. Anauza samaki hapa Malindi tangu mke wangu hajazaliwa. Mwaka huu ameamua kununua boti ya mashine, apeleke wageni kutazama samaki huko kwenye matumbawe. ("Samaki ni yuleyule," asema, "ila wa kutazamwa haozi.") Pesa alizonazo ni za kiwanja alichouza, na hana kiwanja kingine. Nawaambia hili mapema ili mjue kwamba jambo lenyewe halikuwa la mchezo.

Mimi ni fundi wa pampu za maji. Za visima, za mashamba, za mahoteli. Pampu naijua. Mashine ya boti sijawahi kuifungua hata moja. Lakini mwezi uliopita kwenye harusi ya shemeji yangu, biriani ikiwa imenipanda kichwani, nilisema mbele za watu kwamba injini ni injini, na kwamba mimi nikiisikiliza tu najua umri wake. Mkwe alikuwa upande wa pili wa pazia. Akasikia.

Juzi akanipigia simu. "Baba, kuna boti inauzwa Kilifi. Nataka twende ukanisikilizie mashine zake."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Nikasema, "Mama, hilo ni dogo."

Jana kutwa nimetazama video za mafundi. Nikajifunza kwamba moshi mweupe una maana yake na moshi wa buluu una maana yake. Asubuhi nilipoamka nilikuwa nimeshasahau upi ni upi. Nikavaa shati jeupe, nikatia kalamu mbili mfukoni. (Ya pili ya nini? Hata mimi sijui. Nilihisi fundi mkubwa huwa na mbili.)

Tukaondoka na pikapu yangu. Mkwe alikuwa na kikapu mapajani, ndani mna viazi vya karai na chupa ya ukwaju, kwa sababu hasafiri bila chakula hata kama ni safari ya saa moja. Njiani aliniuliza swali moja tu.

"Wataka laki tisa. Wewe waonaje?"

"Mama, bei haisemwi kabla ya kusikiliza," nikamjibu, kwa sauti ya daktari.

Mwenye boti alitupokea ufukweni, chini kidogo ya daraja. Mzee Kazungu, mtu mpole, mvi kichwani, suruali kaikunja hadi magotini. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa furaha. Boti yenyewe ilikuwa hatua chache majini, ya faiba, imepakwa rangi ya samawati, na nyuma ina mashine mbili za nguvu za farasi arobaini kila moja. Nzuri kwa macho. Mashine ndizo zilizoonyesha umri. Vifuniko vilikuwa vimepauka, na ya kushoto ilikuwa na bolti zenye kutu ya chumvi.

"Mashine si mpya," akasema Mzee Kazungu kabla hata sijazigusa. "Sitawadanganya. Zimefanya kazi."

Mtu mwenye akili angemuuliza hapo hapo: kazi ya miaka mingapi, nani alizifungua mara ya mwisho, ipi inasumbua. Mimi nilitikisa kichwa kama niliyeyajua hayo zamani. Nikapanda, nikaipiga mashine ya kushoto makofi mawili, nikaweka sikio.

Ilikuwa imezimwa.

"Wasikia nini?" akauliza mkwe, ambaye alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma na kikapu chake.

"Uchovu," nikasema.

Mzee Kazungu aliniangalia, kisha akaangalia bahari.

Basi akaziwasha. Ya kulia ikashika mara moja. Ya kushoto ikakohoa, ikakohoa tena, ikatoa moshi, ndipo ikashika. Moshi ulikuwa baina ya mweupe na buluu. Ndiyo bahati yangu ilivyo. Nikatoa kalamu, nikaandika kiganjani neno "moshi", nikalipigia mstari.

Mzee akaenda mbele, akang'oa nanga, akaiweka vizuri juu ya kamba yake iliyokunjwa. Akaanza kurudi nyuma pole pole kutupita.

"Sasa tutoke kidogo tukaijaribu," akasema. "Ngoja kwanza mwanangu, ni—"

"Mzee," nikamkata, na mkono nimeuinua, "boti hujaribiwa na anayenunua. Niachie usukani."

Kumkata mzee maneno, kwetu, mnajua kulivyo. Mkwe alinitupia jicho. Lakini nilikuwa nimeshashika usukani, na usukani ukishaushika unakudanganya. Nikasukuma mkono wa gia mbele kidogo. Mashine zikanguruma. Boti haikwenda.

Nikaongeza. Zikanguruma zaidi. Maji nyuma yakachemka kama sufuria ya pweza. Boti ikatikisika, ikainua pua, ikabaki palepale.

"Mwanangu," akasema Mzee Kazungu, "hebu—"

"Naona, mzee, naona," nikasema. Kwa kweli nilikuwa nimefurahi. Jana kutwa nilikuwa nikiogopa kwamba sitaona kasoro, na sasa kasoro ilikuwa kubwa hivi, hata mtoto angeiona. Nikasukuma gia mpaka mwisho. Bado hatuendi. Nikamgeukia mkwe, mkono mmoja kwenye usukani, nikatoa hotuba.

Nikamwambia mama, sikiliza kelele hii, kelele nyingi nguvu hakuna. Hizi mashine zimekwisha. Hazina hata nguvu ya kujisukuma zenyewe. Nikaitaja kompresheni, neno nililolipata kwenye zile video. Nikaitaja mara tatu. Ufukweni vijana waliokuwa wakishona nyavu wakaacha kazi, wakasimama kusikiliza, nami nikapandisha sauti ili nao wafaidike.

"Mzee, hapa laki tisa haipo," nikasema. "Hapa pana laki tatu, na hiyo ni kwa heshima ya mvi zako."

Uso wa Mzee Kazungu ukabadilika. Upole ukamtoka. "Laki tatu," akasema taratibu. "Basi mama, boti nimeiondoa sokoni. Kuna mtu wa Lamu aliniita jana, afadhali nimpe yeye."

Mkwe akainuka nusu. "Mzee wangu, subiri, huyu ni—"

Nami sikunyamaza. Nikaona kamba moja iliyofungwa pembeni, nyuma kabisa, imekazana kama uzi wa gambusi, ikiingia majini. Nikainyooshea kidole.

"Hata kamba zako zenyewe zimechakaa, mzee. Itazame hii."

Ndicho kitu pekee nilichokipima sawasawa siku nzima ya leo. Kamba ilikuwa imechakaa kweli. Ilikatika.

Kumbe boti za pale hufungwa nanga mbili, ya mbele na ya nyuma. Ile ya nyuma ndiyo Mzee Kazungu alikuwa akienda kuing'oa nilipomnyamazisha. Na mashine zile mbili zilizokwisha, zisizo na nguvu, zilizokosa kompresheni, zilikuwa zimefunguliwa hadi mwisho.

Boti iliruka. Sina neno jingine. Usukani ukaniponyoka, miguu ikaenda mbele na mimi nikabaki nyuma, nikaanguka chali. Wala sikuanguka sakafuni, ningeshukuru. Nilianguka mapajani mwa mkwe, naye karudi kwenye benchi kwa kishindo.

Wenzangu wa Pwani hamhitaji maelezo. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka kumi na miwili sijawahi hata kukaa naye mkeka mmoja. Sahani nampa kwa mikono miwili, macho chini. Leo kichwa changu kilikuwa kwenye kikapu chake, katikati ya viazi vya karai, na chupa ya ukwaju ilikuwa imefunguka na kumiminika yote kwenye lile shati jeupe. Nikajaribu kuinuka, nikashika kitu nijivutie. Nilikuwa nimeshika buibui lake. Nikaachia. Nikaanguka tena.

"Tulia, baba," akasema mkwe, huku kaushika ukingo wa boti kwa mikono miwili. "Tulia hapo hapo ulipo."

Mzee Kazungu, kwa umri wake ule, aliruka benchi akaifikia gia, akairudisha. Tulikuwa tumebakisha kama urefu wa kitanda kuigonga mashua ya Mzungu mmoja aliyekuwa akinywa chai. Mzungu akainua kikombe kutuamkia. Ufukweni vijana wa nyavu walikuwa wamekaa chini, wameshindwa kusimama.

Mashine zikanguruma taratibu, vizuri kabisa, kama zinazonisikilizia umri.

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua. Alikuwa Mzee Kazungu. Anacheka. Kacheka mpaka akashika mbavu, machozi yanamtoka, na mkwe naye, ambaye alikuwa amejikaza kwa heshima yangu, akaachia. Wakacheka wote wawili na mimi katikati nanukia ukwaju.

Walipotulia, mkwe alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akamwambia, "Mzee wangu, tusamehe. Huyu ni mkwe wangu, ni fundi wa pampu." (Kwa hiyo muda wote alikuwa akijua kwamba mashine za boti sizijui.) "Sasa nakuuliza mimi. Hiyo boti ungekuwa unamnunulia mamako mzazi, ungemwambia atoe ngapi?"

Mzee Kazungu akasogea nyuma kwenye mashine. Hasira ilikuwa imeshamwisha, huwezi kucheka vile ukabaki nayo. Akatuonyesha ile ya kushoto ikiwa bado inanguruma. Yale maji ya kupoza mashine, yanayotakiwa kuchirizika nyuma kwa nguvu, kwenye hii yalikuwa yakitoka kama bomba la Malindi siku ya mgao. Akaizima, akaiinua juu ya maji, akafungua oili ya gia kidogo, ikatoka nyeupe kama maziwa.

"Maji yameingia," akasema. "Itafanya kazi msimu huu, pengine na ujao. Mamangu ningemwambia asiihesabu kabisa. Alipe boti, alipe mashine ya kulia, hiyo niliifungua mwenyewe na ni nzima. Ya kushoto aichukue kama ya akiba."

"Basi boti laki nne, mashine ya kulia laki mbili," akasema mkwe.

"Laki mbili na nusu. Naongeza na majaketi ya kuelea, yako kumi."

"Na hiyo pampu ya maji ya mashine ya kushoto?"

"Fundi si unaye hapa," akasema mzee, akanitazama kwa huruma. "Pampu si kazi yake?"

Laki sita na nusu. Wakapeana mikono. Na ni bei ya haki, nimeifikiria njia nzima ya kurudi sioni pa kuilaumu. Mwenye boti hakudhulumiwa, mkwe hakuuziwa moshi. Ningemwachia mzee aseme tangu mwanzo, tungeifikia kwa dakika kumi na shati langu likiwa jeupe.

Mzee alipoturudisha tulipoanzia, ikabaki ile nanga, iliyokuwa chini ya maji na kipande chake cha kamba. Hakuna aliyeniambia niifuate. Walinitazama tu. Nikavua viatu, nikashuka, maji yakanifika kifuani, nikaitafuta kwa vidole vya miguu katika tope. Vijana wa ufukweni wakawa wananielekeza. "Kushoto, fundi. Kushoto kidogo. Sikiliza, utaisikia." Mara ya tatu kupiga mbizi nikaipata. Wakapiga makofi. Kalamu zote mbili zilikuwa zimeshakwenda na maji.

Njia yote hadi Malindi mkwe alitazama dirishani. Mimi nami nikawa nimeganda kwenye kiti, nimelowa, naendesha kwa macho ya mbele tu. Nilijua kitakachofuata ni kuitwa kikao cha familia. Tulipofika nyumbani nikazima gari, nikajikaza, nikaanza, "Mama, kwa yaliyotokea leo mimi naomba—"

"Baba," akanikata, "yule mzee alikuwa amekaza. Nilimsihi kwa simu siku nne, hakushuka hata elfu tano. Leo umeanguka mara mbili, ameshusha laki mbili na nusu."

Nikamwangalia. Hakuwa akitania hata kidogo.

"Jumamosi naenda Matsangoni kutazama friza la mtumba," akasema akishuka na kikapu chake. "Utanipeleka. Ila safari hii usiseme neno. Nikikukonyeza, anguka."

Basi wanaotaka kucheka, chekeni leo. Jumamosi nitakuwa kazini.