Siku Zangu Bila Kipanya

Jumatatu, 3 Machi
Mdomo wangu utaniua. Mkuu ametangaza kikaoni kwamba anatafuta kiongozi wa kikundi chetu cha waandishi wa programu. Kisha akamsifu Miwani, jirani yangu wa meza, kwa kuwa anatumia kile kihariri, programu ya kuandikia, kisichotaka kipanya cha kompyuta: vitufe vitupu, vidole vinacheza, kazi inakwisha. Nikajisikia nikisema kwamba hata mimi kipanya nilishakiacha zamani. Kilikuwa mkononi mwangu! Mkuu akafurahi, akaniagiza Ijumaa niwaonyeshe waajiriwa wapya. Shemeji yangu, mhasibu wa hapahapa, ndiye aliyeniombea kazi hii. Pale kikaoni alivimba kichwa kwa fahari juu yangu. Hapo ndipo panaponiuma.

Jumanne, 4 Machi
Nimekifungua kihariri, nikaandika salamu. Salamu haikutokea. Badala yake mistari ya programu yetu ya tiketi ikaanza kutoweka. Kumbe humo kila herufi ni amri, mpaka kwanza ukiambie kwamba sasa unataka kuandika. Nani aliwaza hivyo? Nikataka kutoka. Hakuna pa kubofya. Nikabonyeza vitufe vyote, nikabembeleza, nikatukana kimoyomoyo. Mwishowe nikapiga magoti chini ya meza nikachomoa waya.

Ulikuwa waya wa umeme wa safu nzima ya meza. Skrini zote giza. Mkuu alipouliza, nikasema labda ni mama wa usafi na fagio lake. Mama huyo alikuwa amesimama mlangoni, akasikia. Akaomba radhi kwa kosa langu mimi. Sijaweza kumtazama usoni tangu hapo.

Jumatano, 5 Machi
Kihariri kina somo lake la kuanzia. Wanasema ni la nusu saa. Nimeona linaanza na jinsi ya kwenda kushoto na kulia, nikazima kompyuta. Mtu mzima mwenye mke hafundishwi kushoto na kulia.

Nina mpango bora. Nimegundua kwamba kipanya kinaweza kuruhusiwa humo. Basi kitakaa juu ya paja langu, chini ya meza, kimefunikwa kwa sweta. Mkono wa kushoto utagonga vitufe kwa kelele. Nimefanya mazoezi nyumbani. Mke wangu kaniuliza kama nawashwa.

Alhamisi, 6 Machi
Miwani kanivuta pembeni. Kasema taratibu kwamba yeye pia siku ya kwanza alikwama humo, akampigia dada yake simu huku analia. Kasema vitufe vya kuanzia ni vichache: cha kuingia kuandika, cha kuacha kuandika, na amri ya kuhifadhi na kutoka. Angenionyesha kabla chai haijapoa. Nikamjibu kwamba mimi nilikuwa humo yeye akiwa bado shuleni. Akaniomba samahani. Nani anamfundisha kijana huyu upole wa kiasi hiki? Nimejisikia mchafu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeumbuka.

Ukumbi ulijaa, kazi yangu ikiwa kwenye skrini kubwa ukutani. Nikagonga vitufe kama mvua juu ya mabati. Waajiriwa wapya wakaguna kwa kustaajabu. Kisha mmoja wao, binti mwenye adabu, akauliza kile kishale kinachotembea ukutani ni nini. Kishale cha kipanya! Nilificha kipanya, kishale sikukifikiria. Nikasema ni vumbi. Kikanifuata kila nilipokwenda kwenye maandishi.

Nikajisogeza kitini nikivute kishale pembeni, kipanya kikaanguka, kikateleza hadi kwenye kiatu cha shemeji, aliyekuja kunitazama. Akakiokota. Akakiweka mezani mbele yangu, akasema kwa sauti ndogo kwamba nimeangusha kitu. Miwani akainuka akawaeleza wote kwamba nilikuwa nawaonyesha makusudi jinsi mazoea yanavyosumbua. Ameninusuru. Ningependelea anitukane. Uongozi kapewa yeye, na amestahili. Mkuu kanipa mwezi mmoja wa kujifunza kihariri, la sivyo nitafute pengine. Shemeji alirudi nyumbani bila kuniaga.

Jumapili, 9 Machi
Nimeapa kubadilika. Nimelifungua somo, nimejifunza kushoto. Kulia bado.

Shemeji kaja kutusalimia. Kaketi, kisha kaniuliza, macho chini, kama somo linakwenda. Nikaona jinsi anavyotaka kuniamini tena. Nikamwambia nimelimaliza, na kwamba Miwani sasa ananiuliza mimi anapokwama. Uso wake ukafunguka. Kasema binti yake naye ameanza kuandika programu, atamleta kesho jioni na kompyuta yake nimfundishe.

Tayari nimemwambia mke wangu kwamba kesho jioni nitakuwa na homa.