Koti la Doña Eufrasia

Jumanne, 4 Juni

Doña Eufrasia, jirani yangu mzee, amefariki alfajiri. Habari imethibitishwa na Nélida, mpwa wake aliyemuuguza, akiwa amesimama mlangoni kwangu na masizi ya jiko shavuni. Nimempa pole. Nimemkumbatia. Nimeuliza kama kuna lolote la kusaidia, na kama lile koti jeusi bado linaning'inia nyuma ya mlango.

Si kwa pumzi moja. Katikati alikunywa chai.

Koti lenyewe: sufu nzito, ukosi wa manyoya, lilishonwa jijini Lima enzi za ujana wake. Marehemu akilivaa, mji wetu wote wa Jauja ulimpisha njia. Mimi nasoma habari redioni kila asubuhi, mji mzima unaijua sauti yangu, na sokoni bado wauza viazi wananipiga vikumbo. Tofauti ni koti. Nimelichunguza jambo hili kwa miaka.

Jumatano, 5 Juni

Tumemzika. Baridi kali, hotuba ndefu. Palepale makaburini Nélida ametangaza kwamba nguo za marehemu zitafuliwa mtoni Jumapili, kama desturi, kisha ndugu wagawane. Kabla ya hapo zisiguswe. Marehemu hurudi usiku wa kuamkia siku hiyo kukusanya vyake. Akikosa kimoja, haondoki. Na anayekivaa kabla hakijafuliwa, hufuatwa.

Nimetafuta aliyeshuhudia. Hayupo. Kila mmoja aliambiwa na shangazi yake.

Tatizo halisi ni hilo neno ndugu. Mimi ni jirani tu.

Mpango! Kubadilishana nguo. Marafiki, kesho, kwangu. Kila mmoja alete furushi la nguo asizozivaa, limefungwa. Tunapiga kura nani achague kwanza. Ulichochagua ni chako, hakuna kurudisha, wala kuuliza kilitoka kwa nani. Wote wamekubali. Zoraida wa duka la mikate amesema atakuja, ila, "shoga, kile kigauni chako cha kijani kiache hukohuko, hata ng'ombe hakivai."

Jioni nimekwenda kumsaidia Nélida kukusanya nguo. Yeye alikunja, mimi nilibeba. Macho yake yalikuwa yamevimba, hakuona mengi. Koti limeingia katika furushi langu la ziada. Sikuiba. Nimelihamisha.

Alhamisi, 6 Juni

Shughuli imefanyika. Supu ya viazi, jibini, kelele. Nélida hakuja, yuko matangani. Afadhali.

Furushi lenye koti nililifunga uzi mwekundu ili nilitambue. Kura ikampa Zoraida zamu ya kwanza. Akachagua lenye uzi mwekundu, kwa sababu ya uzi mwekundu. Sikuwa nimelifikiria hilo.

Akalifungua. Supu ikaacha kunywewa. Wote wakalitambua. Zoraida akauliza kama limepita mtoni. Nikajibu kwamba limepita. Ni kweli: kutoka kwa Nélida hadi kwangu lazima uvuke daraja.

Akalivaa hapohapo, akajizungusha, akatuambia tumsalimie vizuri kuanzia leo. Mimi nimepata sketi mbili na sweta lenye tundu la panya.

Ijumaa, 7 Juni

Zoraida amekuja asubuhi, koti mkononi, mkono umenyooshwa mbali na mwili. Hakutaka kuingia. Anataka tubadilishane. Nikajiandaa kupigania viatu vyangu vya ngozi, lakini anataka kigauni cha kijani tu. Kilekile.

Nimeuliza kulikoni. Amesema mikate haikuumuka. Amesema pia kwamba alilitundika koti msumarini, akaenda kukanda unga, aliporudi akalikuta limekaa kwenye kiti mbele ya tanuri, mikono imekunjwa. Akalitundika tena. Likakaa tena.

Misumari ya Zoraida inajulikana. Picha ya marehemu mumewe nayo huanguka kila wiki.

Ametia kigauni kwapani na kuondoka kwa haraka isiyo ya kawaida kwa mwanamke wa uzito wake. Nimeshinda! Bila kutoa kiatu.

Koti ni zito kuliko nilivyodhani. Mfukoni nimekuta mahindi ya kukaanga, ya moto bado. Zoraida hakaangi mahindi. Nimeyala. Chumvi imekolea.

Jumamosi, 8 Juni

Nimelivaa sokoni. Mafanikio makubwa. Wauza viazi wamenipisha. Wanaume wamevua kofia. Muuza dawa za majani ameniuliza kama miguu inaendelea vizuri na kunipa bure fungu la mnanaa. Miguu yangu haijawahi kuuma. Nimelipokea fungu.

Baada ya hapo nimeanza kuchunguza. Salamu zote zilikuwa nzuri, lakini hakuna aliyetaja jina langu, na kila aliyesalimu alitazama kidogo juu ya bega langu la kushoto. Bega nimelikagua. Halina kitu.

Redioni fundi mitambo amenifungulia mlango. Nimeingia. Ameendelea kuushika mlango, akitabasamu, kwa muda ambao mtu mzee angehitaji kupanda ngazi zile tatu. Kisha akaufunga taratibu. Nimemuuliza alikuwa anamsubiri nani. Amesema, "Si mmekuja pamoja, mama?"

Nimesoma habari. Sauti yangu haikutetereka. Wasikilizaji wawili wamepiga simu kulalamika kwamba kuna mtu anakohoa studioni.

Mbwa mweusi wa marehemu amelala kizingitini kwangu. Nimemfukuza. Amenitingishia mkia, lakini macho yalikuwa nyuma yangu.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi kwa Nélida. Jana waliyachekecha majivu na kuyatandaza sakafuni, wapate kuona nyayo za marehemu akija kuchukua vyake. Tumefungua mlango. Majivu yamelala kama yalivyotandazwa. Hata panya hakupita.

Wanawake waliokuja kufua wameweka mabeseni chini. Nélida amekaa chini, akaanza kulia kwa sauti ndogo. Amesema shangazi hakuja. Amesema alimwogesha, alimlisha kwa kijiko, miezi yote ile, sasa amemkosea nini hata asije kuaga? Nimependekeza kwamba huenda majivu yalichekechwa vibaya. Zoraida amenitazama sana. Nimemwona akifungua kinywa, akakifunga. Yeye pia alishalivaa koti.

Nimesema narudi nyumbani mara moja kuchukua sabuni.

Taarifa kamili ya nilichokuta jikoni kwangu: majivu ya jiko yametapakaa sakafuni hadi chumbani. Sikuyatandaza mimi. Juu yake nyayo. Ndogo kuliko zangu, mguu wa kulia unaburutwa. Zinaanzia mlangoni, zinapita jiko, zinafika kitandani upande ninaolala, na hapo zimekanyagana sana, kama mtu aliyesimama akisubiri mwingine aamke. Kutoka hakuna.

Nimekaa kitini. Nimenyanyuka haraka, nikakagua kiti kwanza, nikakaa tena.

Uamuzi wa kupeleka koti mtoni nimeufanya kwa hiari yangu.

Wamenitazama nikija nalo. Nilitayarisha maelezo marefu kuhusu furushi na uzi mwekundu. Nimetoa sentensi moja, kwamba lilikuwa kwangu. Nélida akafuta macho. Amesema, "Jirani, koti lilikuwa lako. Shangazi aliagiza mwenyewe: mkishafua, mpeni yule mama wa redio, maana kila akija kunitazama analitazama koti. Ungengoja mchana wa leo tu."

Wa leo. Saa chache!

Nimeuliza kama basi lifuliwe sasa nilichukue. Hapana. Lililovaliwa kabla ya kufuliwa halifuliwi, huchomwa. Zoraida ndiye aliyeleta kiberiti. "Shoga, pole sana," amesema, na alikuwa anacheka.

Limewaka polepole na kunuka mahindi ya kukaanga. Wengine wakaendelea kufua. Mbwa mweusi, ambaye alikuwa amenifuata kutoka kwangu, akanyanyuka na kuingia majini. Wakasema huyo ndiye humvusha marehemu. Nélida akasimama, akaweka mkono kifuani, akamwambia shangazi aende salama. Mbwa alifika katikati ya mto, maji tumboni, akienda bila kugeuka. Wanawake wote walimtazama yeye. Mimi nilitazama majivu, kwa sababu kulikuwa na kifungo ndani yake ambacho hakikuungua. Cha mfupa, kizuri, kimechongwa ua. Nimekiokota na kukitia mfukoni.

Mbwa alisimama. Akageuza kichwa. Akarudi ukingoni, akajikung'uta, akaketi karibu na mguu wangu.

Maji ya Juni ni baridi. Mbwa yeyote angerudi.

Nélida amenikumbatia na kusema kwamba amenisamehe, na kwamba leo atalala usingizi. Sikutaka kumharibia.

Jumatatu, 10 Juni

Usingizi wangu mzuri, isipokuwa blanketi lilivutwa upande wa pili. Jikoni nimefagia. Sikutazama nilichofagia.

Nimepeleka koti langu la kahawia kwa fundi, don Abdías, akishone kile kifungo pale juu, karibu na shingo, kionekane. Kifungo kimoja kizuri hubadilisha koti zima. Wauza viazi watakiona.

Don Abdías amekigeuza mkononi, amesema ni kazi ya zamani, kazi ya Lima. Amenipima mabega ingawa sikumwomba. Kisha ameinua macho kuelekea mlangoni na kuuliza, kwa adabu, kama yule bibi naye ana kitu cha kushonewa, au amenisindikiza tu, na kwa nini nisimpe kiti.

Nimegeuka. Barabara, jua, mbwa.

Nimemjibu kwamba amenisindikiza tu. Fundi akibishana, kazi huchelewa.

Koti litakuwa tayari Jumatano, 12 Juni, saa nne asubuhi. Don Abdías ametuomba tusichelewe.