Vigae Vinane vya Njano

Alhamisi, 9 Oktoba

Imetangazwa leo wakati wa chai. Hajja Zubida anataka chemchemi ya vigae uani kwake, na Maalim Thami, fundi mkuu wa karakana yetu, ambaye magoti yamemkatalia kuchuchumaa, atamtuma mmoja wetu akaipange. Atakayekwenda ndiye atakayeitwa maalim baada yake. Ni mimi au Mfaddal, mume wa dada yangu! Miaka kumi na tisa nimekaa chini nikikata vigae kwa nyundo, vumbi mpaka kwenye glasi ya chai. Mfaddal ana miaka kumi na mmoja tu kazini, na vumbi halimgusi. Tumepewa kipande kimoja cha majaribio: nusu yake, nusu yangu. Jumanne Hajja atakuja kukitazama.

Nikamwambia mke wangu, Batul, kwamba jambo liko mbioni. Kosa. Kabla ya magharibi alikwisha kutangaza kwenye tanuri la mkate la mtaa kwamba mumewe ni maalim.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nusu ya Mfaddal inapendeza. Sijamwambia. Vigae hupangwa kifudifudi, rangi chini, mgongo juu, na migongo yote ni udongo ule ule. Rangi mpangaji anazo kichwani. Mfaddal hupanga huku akiimba!

Adhana ilipolia wote wakaenda msikitini, na kutoka huko majumbani kula kuskusi. Mimi nikasema tumbo linanisokota. Nikang'oa vigae vinane vya kijani katika nusu yake, nikatia vinane vya njano, umbo lile lile. Nimevikata mwenyewe, vimeingia barabara. Dakika kumi tu. Kuskusi nilikula sahani mbili.

Jumamosi, 11 Oktoba

Balaa. Karakana yetu ina desturi: siku ya mwisho mafundi hubadilishana nafasi. Kila mmoja humalizia kazi ya mwenzake, na aliyemalizia ndiye anayebeba sifa na lawama zake. Nimeifuata desturi hii miaka kumi na tisa. Jana niliisahau!

Maalim akanikalisha kwenye nusu ya Mfaddal. Nikaanza kuvitafuta vile vinane. Nikageuza kimoja: kijani. Cha pili: kijani. Cha tatu sikukifikia, fimbo ya Maalim ikatua mkononi.

"Bushta, unaatamia mayai?" akaniuliza. "Anayegeuza kigae hana kumbukumbu. Asiye na kumbukumbu akakate."

Mafundi wakacheka. Mfaddal alicheka kwa upole, na huo upole ndio uliniuma. Saa tisa lipu ikamwagwa juu. Nimekwisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Sijalala, lakini nimepata njia! Nimemwendea Maalim nyumbani na donge zima la sukari, kama mtu anayekwenda kuposa. Nikamwambia dhamiri inanisumbua. Nusu ile ni jasho la Mfaddal, mimi nimeongeza safu mbili tu, basi sifa zake na lawama zake ziwe za Mfaddal. Haki ya mtu nisiile. Nikaapa. Machozi yakamlengalenga mzee, akasema hajaona muungwana kama mimi. Kesho anataka niseme hayo mbele ya wote.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimesema. Nimeapa tena, kwa sauti. Mfaddal akanikumbatia. Nikajisikia vibaya mpaka adhuhuri hivi.

Jumanne, 14 Oktoba

Siku nyeusi. Watu wanne wakakigeuza kile kipande, kikapanguswa kwa sifongo. Nusu yangu safi. Nusu ya Mfaddal kijani, na njano nane zimetapakaa humo. Mfaddal uso ukamshuka. Mimi moyo ukanicheza ngoma, naona haya kuandika. Hajja Zubida akasogea, akainama.

"Bustani ya marehemu baba," akasema. "Baada ya mavuno malimau yalikuwa yanabaki machache machache hivi hivi. Nani ametia hizi?"

"Ni mimi, Hajja," nikasema. Mdomo ulitangulia, akili ikafuata.

Maalim akanitazama kwa huzuni. Akaniuliza kama, baada ya viapo viwili, sasa naleta cha tatu cha kuvikana. Ningeeleza nini? Ijumaa? Tumbo? Mfaddal akavitazama vigae, akanitazama mimi, akavitazama tena.

"Ilinijia tu, Hajja," akasema. "Hata mwenyewe sijui vipi."

Mwongo! Mbele ya mzee, bila haya. Watu siku hizi hawamwogopi Mungu.

Jumatano, 15 Oktoba

Mfaddal ni maalim. Batul hatoki, mkate anampa jirani ampelekee tanurini. Nikamweleza yote, Ijumaa, vinane, viapo. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Wewe umeingia na mke."

Nikatoka nje nikalia. Miaka kumi na tisa!

Chemchemi itakuwa na vipande kumi na viwili, na Hajja anataka njano nane katika kila kimoja. Wa kuzikata ni mimi. Mfaddal amekuja mwenyewe kuniomba, kwa adabu, kaniita shemeji. Kupanga ataanza kesho. Keshokutwa ni Ijumaa, wote watakwenda msikitini.

Nimekwisha kukata vinane vyeusi.